Barua ya wazi kwa wakubwa wa jeshi: Jirani yangu anauliza, mume wake yuko kwenye orodha gani?

Lubumbashi, Novemba 2025

Waheshimiwa wakubwa wetu mnaosimamia jeshi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,

Ninawaandikia kwa Kiswahili, ingawa najua jeshini amri hutolewa kwa Lingala na karatasi huandikwa kwa Kifaransa. Lingala ninaielewa, mimi ni mtoto wa kambi. Kifaransa ningeweza kumwomba mwalimu wa mwanangu anisaidie. Lakini haya ninayotaka kuwaambia huwa nayasema kwa Kiswahili, usiku, nikiwa na jirani yangu kwenye viti vya plastiki nje ya mlango. Nikiyavalisha Kifaransa yatatoka yamepigwa pasi kama suruali ya gwaride, na nyinyi mtayasoma bila kusikia kitu.

Mimi ni mke wa askari. Baba watoto aliondoka hapa Lubumbashi mwezi wa nane mwaka 2023, nikiwa na mimba ya miezi mitano. Walisema ni miezi sita. Alibeba begi moja, blanketi, chupa ya pilipili niliyoisaga mwenyewe, na kadi yake ya benki. Hiyo kadi nitairudia. Tangu siku ile hajarudi hata siku moja. Mtoto wetu wa mwisho anatembea, anaongea, anaiba sukari, na baba yake hajawahi kumshika.

Siwaambii alipo sasa. Nyinyi mnapajua, na adui hana haja ya kusaidiwa na mimi.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu wa Lubumbashi wanalijua bila kulifikiria: saa yetu na saa ya Kivu, kule mashariki kwenye vita, ni moja. Kinshasa mko nyuma yetu kwa saa moja. Mimi ninapozima moto wa makala (mkaa) saa mbili usiku, mume wangu naye ni saa mbili usiku, giza letu ni moja, ingawa kati yetu kuna zaidi ya kilomita elfu. Nyinyi wakati huo bado ni saa moja, labda mnakula. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba kila habari ya kule tunaingoja ipite kwenu kwanza, na inapotufikia huwa imechelewa kwa zaidi ya saa moja.

Mnajua askari na mke wake huongea nini kwa simu? Watu wanafikiri tunaongea vita. Vita hatuiongei kabisa. Mume wangu akipata mtandao ana dakika nne, tano zikizidi. Anauliza: makala gunia ni bei gani? Bunga (unga) imeshuka, au Wazambia wamefunga mpaka tena? Yule mbuzi wa jirani bado anakula mboga zako? Mwanzoni nilikasirika. Nilidhani amenisahau, anaongea kama mtu anayehesabu duka. Siku moja nikaelewa kwamba yuko anatembea sokoni na mimi. Anataka dakika nne za Lubumbashi, za makala na bunga na mbuzi, kabla hajarudi kwenye shimo lake. Sasa kabla hajapiga ninapita sokoni Njanja nikague bei, hata kama sina makuta, yaani pesa, ya kununua, ili nisimjibu ovyo.

Na mimi namficha. Mtoto alipopata malaria kali, nilimwambia alipokuwa amepona. Yeye alipopigwa kipande cha bomu begani, niliambiwa na mke wa mwenzake. Nilipomuuliza alisema ni mkwaruzo wa mwiba. Haya, mwiba.

Mtandao ukiwa mbaya anabipu, yaani anapiga na kukata. Tulikubaliana: mara mbili, mzima. Mara tatu, ombeni. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari mwaka huu, Goma ilipokuwa inaanguka mikononi mwa waasi wa M23, simu yangu ilibipu mara tatu, halafu siku kumi na moja kimya. Nilikuwa naiweka simu ndani ya sufuria tupu ili ikilia ipige kelele nyumba nzima. Wanawake wa kambi tulikaa pamoja uwanjani, kila mmoja na simu yake mapajani, hatuangaliani. Ikilia ya mmoja, wote tulishtuka, na aliyeipata sauti aliondoka kimyakimya kwenda kulia kwa furaha nyuma ya nyumba. Ni aibu kufurahi mbele ya asiyepigiwa.

Yangu ililia siku ya kumi na moja. Ya jirani yangu haijalia mpaka leo.

Ni yeye aliyenifanya niandike barua hii. Nyumba zetu zinashirikiana ukuta mmoja, nikikohoa ananiuliza kama nimekunywa dawa. Mume wake na wangu walipanda ndege siku moja. Mara ya mwisho aliongea naye ilikuwa Alhamisi tarehe 23 Januari, siku mji wa Sake, karibu na Goma, ulipochukuliwa. Alimwambia watoto wasiache shule. Basi.

Mwezi wa pili Bukavu nayo ikaanguka, tarehe 16. Mwezi wa tatu jirani yangu akaenda ofisini kuuliza. Ofisi siitaji, na kijana aliyekuwa dirishani simlaumu, alikuwa anasoma alichopewa. Jirani akataja matrikule, yaani namba ya jeshi, ya mume wake. Kijana akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini.

«Kwenye orodha ya waliokufa hayuko, mama.»

Jirani yangu alipiga magoti palepale kwenye vumbi akimshukuru Mungu. Alipoinuka akauliza: «Basi ni mzima?»

Kijana akatoa karatasi nyingine. Kidole tena, juu mpaka chini.

«Kwenye orodha ya walio kazini pia hayuko.»

«Sasa yuko wapi?»

«Rudi Jumatatu, mama.»

Ameshakwenda Jumatatu nyingi. Karatasi zilibadilika, kijana naye alibadilika, jibu halikubadilika. Jambo moja tu ndilo lililobadilika, na hilo hakuambiwa na mtu. Yeye mume wake alimwachia kadi ya benki. Mwezi fulani akaenda kutoa soldi, yaani mshahara wa askari, mashine ikamwambia hakuna. Mwezi uliofuata, hakuna. Waheshimiwa, naomba mlifikirie hilo taratibu. Mashine ya ukutani ilijua kabla yake kwamba mume wake ametolewa mahali fulani. Kuna mtu aliyeketi, akaona jina lake, akaamua makuta yasimame. Mtu huyo alikuwa na orodha. Hiyo orodha ndiyo tunayoitafuta.

Mwaka huu Msalaba Mwekundu walianza, tarehe 30 Aprili, kuwatoa Goma askari na polisi waliokuwa wamenyang'anywa silaha na kukimbilia kwenye kambi za MONUSCO, jeshi la Umoja wa Mataifa, mamia ya watu pamoja na familia zao, kuwapeleka Kinshasa. Jirani yangu alikaa wiki nzima na simu yangu, kwa sababu yake imepasuka kioo, anazikuza picha moja moja. Anatafuta sikio. Mume wake ana kovu kwenye sikio la kushoto. Aliliona mara mbili, na mara mbili ilikuwa kivuli.

Tarehe 14 Septemba tulisikia kwamba kule Doha serikali na waasi wa M23 wametia sahihi utaratibu wa kuachilia wafungwa wa pande zote mbili, Msalaba Mwekundu wakiwa katikati. Mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni, kati ya Kongo na Rwanda, tulikuwa tumeshausikia kwenye redio. Vizuri, tena vizuri sana. Ila wafungwa hubadilishwa kwa majina. Je, jina la mume wa jirani yangu liko kwenye meza hiyo? Nani kamwandika? Mke wake hajawahi kuulizwa hata picha.

Yeye si mjane. Akivaa nguo nyeusi wakwe watasema anamuua mtoto wao. Si mke mwenye mume pia, kwa sababu mwenye mume hutumiwa kitu mwisho wa mwezi. Kaka wa mume wameshaanza kuuliza vyombo vya ndani ni vya nani. Na kambini wameshapita kuuliza, kwa heshima, nyumba ile inakaa nani. Mtoto wake mkubwa yuko sekondari, na ule usomaji wa bure ulioanza 2019 ni wa msingi tu, kwa hiyo kila mwanzo wa muhula wanamfukuza kwa sababu ya makuta. Yeye anauza bitoyo na ndakala, samaki wa chumvi na dagaa wakavu, mlangoni kwa kambi. Samaki wakibaki, wanakula samaki. Wakiisha, wanakula bukari (ugali) kwa sombe (majani ya muhogo) bila samaki, na ananiambia hiyo ndiyo biashara nzuri.

Mimi nimekulia humu. Baba yangu alikuwa askari, na Desemba 2000 alikuwa Pweto, mji wa Katanga mpakani na Zambia. Watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa Pweto. Mji ulipoanguka alivuka kwenda Zambia pamoja na maelfu ya wenzake. Mama yangu alikaa hapa Lubumbashi bila habari mpaka mchuuzi mmoja wa samaki akaja na ujumbe: nimemwona, ni mwembamba, anawasalimu. Mchuuzi wa samaki! Nilikuwa msichana mdogo, nilimbebea kiti. Wakati ule tulisema ni kwa sababu hakuna simu. Leo kila mtu ana simu, kuna picha kutoka angani, kuna matrikule, kuna kompyuta, na jirani yangu bado anangoja mchuuzi wa samaki.

Nkambo yangu (ndivyo tunavyomwita babu au bibi), yeye alikuwa akitucheka. Alisema zamani za Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji, mke hakuachwa, alibeba sufuria akafuata jeshi, askari akipiga kambi mke anapiga moto. Ndiyo maana kambi zetu zimejaa watoto mpaka leo. Na kuna wanawake wanaofanya hivyo hata sasa, wamewafuata waume zao mpaka karibu na risasi. Siwahukumu. Lakini angalieni wanakoishia. Julai 2024, kule Butembo, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo askari 25 kwa kumkimbia adui, baada ya serikali kuondoa mwezi wa tatu mwaka huohuo kizuizi cha kunyonga kilichodumu tangu 2003. Pamoja nao walisimamishwa wanawake wanne, raia, wake wa askari. Waliachiliwa, ushahidi haukuwepo. Nilipozisikia habari zile nilimwambia jirani: umeona? Mahakamani wanatujua. Kwenye soldi hawatujui.

Kuhusu askari aliyekimbia sina la kusema, kila mtu na dhamiri yake, na wapo waliokimbia na kupora, wakituachia aibu sisi sote tunaoitwa «mabibi ya basoda», wake wa askari. Lakini mtu aliyeahidiwa miezi sita, akakaa miaka miwili na miezi, hajui mwisho ni lini, hajui kama mtoto amekula, huyo mnamtaka asimame mbele ya bomu na nini moyoni?

Sasa ile kadi.

Mume wangu aliondoka na yake kwa sababu alikuwa anakwenda Goma, mji mkubwa, benki ziko. Zilikuwepo. Tangu mwisho wa Januari zimefunga, na Bukavu vilevile. Kwa hiyo soldi yake inaingia kila mwezi, au karibu kila mwezi, kwenye kadi iliyo mfukoni mwa mtu aliye mlimani, na mimi naishi ndani ya mji wenye benki kila kona na siwezi kugusa hata faranga. Akipata mtu anayeshuka mjini anamtuma na kadi na namba ya siri. Mtu huyo anakata chake, wa njiani anakata chake, na kinachonifikia kwa simu kimetafunwa kama hindi lililosahauliwa stoo. Mwezi wa tatu mwaka huu mlitangaza kwamba soldi ya askari na polisi itazidishwa mara mbili. Kambini tulipiga vigelegele, siwafichi, na mimi nilicheza. Mara mbili ya kitu nisichoweza kukigusa ni nini?

Wazee wa kambi wanatuambia tusilalamike sana. Wanakumbuka enzi makuta yalipopitia mikononi mwa makomanda na kufika yamenyofolewa, na askari hewa walivyokuwa wengi kuliko wa kweli. EUSEC, ujumbe wa Umoja wa Ulaya wa kusaidia kurekebisha jeshi, ulipokuja mwaka 2005 ulisaidia kutenganisha njia ya makuta na njia ya amri, askari wakahesabiwa, wakapewa vitambulisho, baadaye benki zikaingia. Ni kweli, na hilo tunalishukuru. Basi njia ikishatengenezwa hivyo, kuongeza mlango mmoja kunashindikana wapi? Kabla askari hajapanda ndege, awekewe karatasi mezani: kiasi hiki cha soldi yangu kibaki kwa mke wangu, namba yake ya akaunti au ya simu ni hii. Atie sahihi. Asiyetaka aache, ni haki yake. Karatasi hiyohiyo iandikwe jina langu, ili siku moja kikitokea kitu kuna mtu anayejua ni nani wa kuitwa. Sasa hivi jeshi lina namba ya bunduki aliyopewa mume wangu, lakini namba yangu halina.

Juu ya likizo nitakuwa mfupi, maana nikiirefusha nitasema yasiyofaa kusomwa na watoto. Miaka miwili ni mirefu kwa moyo, na kwa mwili pia. Kule wengine wameshafungua ofisi ya pili, yaani mwanamke mwingine, na watoto wameshazaliwa, na siku moja watatuletea hapa na tutawalea, nani atawalea? Huku nako mwanamke akipita na nguo safi wanasema. Hatuombi vita isimame ili waume zetu waje kusalimia. Tunaomba zamu inayojulikana, yenye tarehe iliyoandikwa, hata ikiwa mbali. Mtu anaweza kungoja tarehe. Kungoja «bado kidogo» kunamaliza mtu.

Nina mlinzi mmoja wa getini nataka mumjue bila jina. Ni mtu wa Mbandaka. Mwanangu wa mwisho, huyu ambaye hajamwona baba yake, anamwita kila askari «papa». Mwanzoni kambi nzima ilicheka. Yule mlinzi hakucheka, alimwitikia: «Ndiyo, mwanangu.» Sasa kila asubuhi ni hivyo, papa, ndiyo mwanangu. Nilimwambia asimzoeshe mtoto vibaya. Akanijibu kwamba ana wa kwake wa umri huo nyumbani, na pengine kule nao kuna askari wa Lubumbashi anayemwitikia. Niliingia ndani nikakaa kidogo.

Nchi hii ina kifungu maarufu kuliko vyote, ambacho hakuna aliyekisoma na kila mtu anakifuata, Kifungu cha 15: jitafutieni wenyewe. Tumekifuata. Tunauza samaki, tunasuka nywele, tunafua nguo za watu, tunakopeshana chumvi. Lakini Katiba ya 2006, ile ya kweli, ina Kifungu cha 40, na mwalimu wa mwanangu alinisomea. Kinasema familia inalindwa, umoja wake na uimara wake, na kwamba iko chini ya ulinzi wa mamlaka za serikali. Kifungu cha 63 nacho kinasema kuilinda nchi ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Waume zetu wako kwenye 63, na sisi bado mmetuacha kwenye 15.

Ninachoomba, kabla ya kadi na kabla ya likizo, ni mtu mmoja. Katika kila kambi muweke mtu mmoja mwenye meza, kiti cha mgeni, na orodha tatu zilizo wazi: waliokufa, walioshikwa, wasiojulikana walipo. Asiwe wa dirishani. Awe na amri ya kusema ukweli hata kama ni mbaya, na kusema «hatujui, tunamtafuta hivi na hivi» kama hajui. Aandike jina la mke na alama za mume, kovu, meno, chochote. Na anayeandikwa kwenye orodha ya tatu, soldi yake isikatwe mpaka ijulikane. Mtu asiyejulikana alipo hajaacha kazi. Yuko kazini mahali ambapo nyinyi mmemtuma.

Jirani hajui kwamba ninaandika haya. Hapana, nimedanganya, anajua. Amekaa hapa, anachambua ndakala, na amenikataza kuandika kwamba analia, kwa hiyo sijaandika.

Jumatatu anarudi dirishani. Atakuwa pale saa mbili asubuhi, yaani saa moja yenu, kabla hamjafungua ofisi. Matrikule ya mume wake hana haja ya kuisoma kwenye karatasi, ameishika kichwani. Muulizeni, atawatajia.

Mimi, mke wa askari,
kambini, Lubumbashi